Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Ukitaka kujua vyombo vya umeme vinaishi muda gani siku hizi, usimuulize mwenye duka, kamuulize fundi. Mtaa wa Mukendo na Nyasho mjini Musoma, vibanda vya karibu na stendi ya Bunda, Kiabakari na kuendelea mpaka Butiama, hakuna fundi wa redio au wa friji asiyezungukwa na vitu vilivyotolewa kwenye boksi si zamani: TV flati, feni, blenda, majagi ya umeme, sabufa zenye taa za kila rangi. Wenye vitu hivyo wana maelezo mawili yasiyobadilika. La kwanza, vitu vya siku hizi ni feki. La pili, umeme wa TANESCO, shirika la umeme, umeviunguza. Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayafiki kwenye mzizi. Hoja ya makala hii ni kwamba chombo hufa mapema pale ambapo hasara ya kufa kwake haimgusi mtu mwingine yeyote ila aliyekinunua. Kiwanda hakiisikii hasara hiyo, mwagizaji haisikii, mwenye duka haisikii. Ubao unaoning'inizwa juu ya kaunta nyingi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, unaeleza habari ya maisha ya friji yako kuliko maandishi yote yaliyo kwenye boksi lake.

Tuanze na vitu vyenyewe. Fungua feni ya mezani ya bei nafuu uangalie mota. Ndani ya koili, chini ya nyuzi zilizofungwa kiwandani, imefichwa fyuzi ya joto iliyo ndogo kama punje ya mpunga. Kazi yake ni njema: koili ikipata joto la kupindukia, fyuzi hukatika kabla nyumba haijashika moto. Lakini ikikatika imekatika, hairudi tena, na kuifikia ni mpaka uikate ile kamba ya kiwandani na kuzifukua nyuzi bila kuzijeruhi. Mota haijaungua, kilichokufa ni kipande cha bei ndogo sana, na feni nzima inapelekwa jalalani kwa ajili yake. Fundi asiye na spea huiruka, yaani huunganisha waya moja kwa moja. Feni huzunguka tena, na kinga ya moto ndiyo imeondoka. Na ukiuliza kwa nini koili ilipata joto, mara nyingi jibu ni bushi iliyokauka mafuta ikajaa vumbi, shafti ikawa inazunguka kwa taabu. Matone mawili ya mafuta kila baada ya miezi kadhaa yangetosha, ila kifuniko kimefungwa kwa vishikizo vya plastiki vinavyovunjika ukivifungua, na karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu mafuta. Kisha ukwangue nyuzi zenyewe. Nyingine chini ya ile rangi ya shaba ni nyeupe: aluminiamu. Kwa unene uleule, aluminiamu hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, hupata joto zaidi, na risasi ya kuchomelea haishiki juu yake kirahisi. Kwa hiyo mota inaungua mapema, na ikiungua fundi hapendi kuisuka upya.

TV nayo ina ugonjwa wake unaojulikana na kila fundi: sauti ipo, picha hakuna. Fundi humulika tochi kwenye kioo kwa upande, na picha huonekana kwa mbali. Mtangazaji anaendelea kusoma habari gizani. Maana yake ni kwamba kioo ni kizima na bodi ni nzima, kilichozimika ni mwanga wa nyuma. Huko nyuma kuna fito nyembamba zenye taa za LED zilizounganishwa kwa mfululizo, umeme ukitoka taa moja kwenda nyingine, hivyo moja ikikatika ufito mzima unazimika, na TV nyingi zikihisi hitilafu hiyo huzima mwanga wote. Taa hizo huungua mapema kwa sababu mbili zinazotokana na uamuzi wa mtu. Idadi yake imepunguzwa ili kuokoa fedha, kwa hiyo kila moja inabebeshwa umeme mwingi zaidi. Na TV hutoka kiwandani mwanga ukiwa umepandishwa juu kabisa ili ing'ae kuliko jirani yake dukani. (Msomaji mwenye TV mpya aingie leo kwenye mipangilio ya picha aushushe mwanga wa nyuma, ni jambo la dakika moja na halina gharama.)

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, umo kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vinavyosimama kwenye bodi ya karibu kila chombo chenye umeme. Kapasita hukauka polepole, na mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Ubavuni mwake huandikwa kiwango cha joto, na karatasi ya mtengenezaji hutaja muda. Chukua ya kawaida iliyopimwa kudumu saa 2,000 kwenye joto la nyuzi 105. Ikiwekwa mahali penye nyuzi 65, kwa kanuni hiyo itafika saa 32,000. Kwa TV inayowashwa saa 6 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 14. Sasa isogeze kapasita hiyohiyo ikae kando ya kipande cha bati kinachopoza transista, penye nyuzi 85. Inabaki na saa 8,000, na TV ileile haimalizi miaka minne. Hakuna feki hapo. Kapasita ni halali, kiwanda ni halali, chapa ni halali. Sentimita chache kwenye mchoro wa bodi ndizo zilizokata miaka kumi, na aliyechora alijua kanuni hiyo kwa sababu hufundishwa chuoni.

Je, basi kuna njama? Historia ina njama moja iliyothibitishwa kwa nyaraka. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani, wakiwemo Osram na Philips pamoja na kampuni zenye uhusiano na General Electric ya Marekani, walikutana Geneva, Uswisi, wakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Walikubaliana balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa wakati huo zilikuwapo za saa 1,500 na hata 2,000, na mwanachama ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi alitozwa faini. Vita ya Pili ya Dunia ndiyo iliyouvunja umoja huo. Kisa hiki hutajwa kila mahali pa mjadala wa vitu visivyodumu, na ni cha kweli, lakini nadhani kinatupoteza njia. Kinatufanya tumtafute mhalifu aliyejificha, wakati soko la leo halimhitaji mhalifu wa namna hiyo. Inatosha kila kiwanda kijue kwamba mteja analinganisha bei na mng'ao, vitu vinavyoonekana, na kwamba hana namna ya kulinganisha miaka, kitu kisichoonekana. Anayetumia shaba anauza ghali kidogo na kupoteza mteja. Anayetumia aluminiamu anauza. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: pale mnunuzi asipoweza kutambua ubora, kitu kibovu hukisukuma kizuri nje ya soko, kwa kuwa mwenye kizuri hapati bei inayostahili. Miaka 31 baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Angeweza kuiandika akiwa amekaa dukani Bunda.

Sabufa ni mfano mzuri wa mnunuzi kushindwa kutambua. Juu ya boksi huandikwa wati 10,000, pengine zaidi, kwa herufi za dhahabu. Soketi ya nyumbani kwetu hutoa umeme wa volti 230, na fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13. Zidisha: ni wati 2,990. Sabufa yoyote inayochomekwa kwenye soketi hiyo haiwezi, hata ikitaka, kula wati 10,000 na kuendelea kunguruma. Kama namba inayoweza kukanushwa kwa hesabu ya darasa la sita inaandikwa bila aibu, mtu atarajie nini kuhusu namba zisizoandikwa kabisa, kama vile miaka ya kudumu?

Hapa ndipo anaposimama mwenye pingamizi la TANESCO, na ana haki ya kusikilizwa kwa sababu umeme wa mkoa wa Mara unaua vitu kweli. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji ambavyo havikuwa na umeme hata wa kuchaji simu. Hilo ni jambo kubwa. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupata umeme mdogo saa za jioni kila mtu anapowasha. Umeme mdogo hauumizi vyombo vyote sawa. Jagi la umeme likipata volti 180 badala ya 230 hutoa takriban asilimia 61 tu ya moto wake. Maji yatachelewa kuchemka na basi. Friji ni habari nyingine. Mota ya kompresa ikikosa nguvu ya kuanza kuzunguka hukwama palepale, na mota iliyokwama huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko inayozunguka. Mwenye nyumba husikia mlio wa "ka!" nyuma ya friji, kimya, halafu "ka!" tena: ni kinga ya kompresa inayokata na kurudisha, na kila mzunguko unaipika koili kidogo. Umeme ukikatika na kurudi hapohapo mambo huwa vilevile, kwa kuwa gesi bado ina mgandamizo upande mmoja na kompresa inalazimishwa kuanza na mzigo. Ndiyo sababu friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji, husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu umeme upite.

Kubaya kuliko kote ni nyutro, waya wa kurudisha umeme, inapokatika au kulegea kwenye nguzo. Fezi mbili zinabaki zikisukumana kupitia vyombo vya majirani, na nyumba yenye vyombo vichache inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Ndiyo maana huwa tunasikia mtaa mzima umeunguliwa usiku mmoja, TV, chaja na taa kwa pamoja. Ongeza radi. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, mchana juu ya nchi kavu inayozunguka ziwa, usiku juu ya maji yenyewe. Kinga ya radi hutegemea waya wa athi ulioshuka kwenye udongo wenye unyevu, na penye miamba, kama sehemu nyingi za Musoma na Butiama zilivyo, fimbo ya athi hugonga jiwe kabla haijafika inapotakiwa. Fundi wa kufunga umeme huikata ikaonekana imezama, na kazi inapokelewa.

Yote haya ni kweli na bado hayaibomoi hoja. Kwanza, umeme unaopanda na kushuka ni hali inayojulikana, na kutengeneza chombo kinachoihimili kunawezekana; angalia chaja ya simu yako, imeandikwa volti 100 hadi 240, na ni kitu cha bei ndogo. Nchini India, ambako umeme wa miji midogo nao una vituko vyake, watengenezaji wa friji hushindana kutangaza kwamba friji lao halihitaji stabilaiza. Wanajua kuwa soko lile litauliza. Pili, ugonjwa huu wa vyombo kufa mapema umeonekana hata mahali ambapo umeme hauyumbi. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Ujerumani ilitoa utafiti uliofanywa na taasisi ya Öko-Institut na Chuo Kikuu cha Bonn. Miongoni mwa vyombo vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa, vile vilivyoharibika kabla ya kutimiza miaka mitano vilikuwa asilimia 3.5 mwaka 2004, vikafika asilimia 8.3 mwaka 2012. Watafiti hao, niseme kwa haki, hawakupata uthibitisho wa viwanda kupanga vitu vife siku fulani, na waligundua kwamba karibu theluthi ya vyombo vikubwa vilivyobadilishwa vilikuwa bado vinafanya kazi. Watu walitaka vipya tu. Hata hivyo, ongezeko lile halina TANESCO ndani yake.

Utafiti huohuo unajibu pingamizi la wale wanaosema kuwa kumbukumbu inatudanganya, kwamba tunasifu TV za chogo na redio za zamani kwa sababu zilizovunjika zilishatupwa tukasahau, zikabaki chache ngumu. Ni pingamizi la akili. Tena ikumbukwe kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya mwanzo ya 1990, na kabla ya milango ya biashara kufunguliwa kuanzia 1984, nyumba yenye friji Musoma ilikuwa ya kuhesabika. Kitu kilichonunuliwa kwa mshahara wa miezi kilifunikwa kitambaa, watoto hawakukigusa, na kikiharibika kilitengenezwa mara tano. Sehemu ya uhai wake ilitokana na umaskini wetu. Nakubali. Lakini Wajerumani walipima, hawakukumbuka.

Kuhusu matumizi mabaya sina maneno mengi. Watu huchokonoa barafu ya friji kwa kisu wakatoboa bati na gesi ikatoka. Huchomeka pasi, jagi na jiko kwenye ekstensheni moja. Huo ni uharibifu wa mwenye chombo, na dawa yake ni kumweleza kwa Kiswahili. Inashangaza kwamba chombo kinaweza kuuzwa nchini kwetu maelekezo yake yakiwa kwa Kichina na Kiingereza peke yake, halafu mnunuzi alaumiwe kuwa hakuyafuata.

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: vitu rahisi ndivyo vilivyomwezesha mtu wa kipato cha chini kuwa na vitu. Mama ntilie wa Bunda ana blenda leo kwa sababu kuna blenda ya bei ya chini, na ukilazimisha ubora utamrudisha kwenye kinu. Anayelidharau pingamizi hili hajawahi kuhesabu senti. Basi tuhesabu, kwa mfano tu. Pasi ya shilingi 20,000 inayokufa kila mwaka itakula shilingi 120,000 katika miaka sita. Pasi ya shilingi 45,000 inayodumu miaka hiyo sita itakuwa imekula 45,000. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa zaidi. Mtu atasema, hana 45,000 kwa mkupuo mmoja, na hilo ni kweli kwa wengine. Lakini kuna wengi ambao wangeweza kuzidunduliza na hawafanyi hivyo kwa sababu nzuri kabisa: hawana uhakika kwamba ile ya 45,000 itadumu. Jina kubwa linaweza kuwa limebandikwa, sura ya nje ni ileile, na muuzaji husema "hii ni orijino" kwa zote mbili. Asiyeweza kutofautisha hufanya busara kununua ya chini, apoteze kidogo. Unafuu wa bei umegeuka kuwa bima dhidi ya udanganyifu, na bima hiyo tunailipia kila mwaka. Kumpa mnunuzi njia ya kutofautisha hakumnyang'anyi blenda ya bei ya chini; kunamwongezea uchaguzi ambao sasa hana.

Njia ya kawaida ya kutofautisha ni garantii. Mwenye kiwanda anayejua mota yake ni ya aluminiamu hawezi kuidhamini miaka mitatu bila kufilisika, mwenye shaba anaweza, na mnunuzi asiyejua shaba wala aluminiamu anasoma namba moja tu. Garantii ndiyo inayorudisha hasara kule ilikotoka. Tatizo ni kwamba kwetu imekuwa pambo la boksi. Kadi haigongwi muhuri; risiti haitolewi, au inatolewa ya kuandika kwa mkono bila jina la chombo; na panapo garantii ya kweli, kituo cha matengenezo kiko Dar es Salaam au, tukibahatika, Mwanza. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200. Nani atalipanda basi na jagi la umeme mapajani kudai haki ya shilingi 25,000? Nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi vinazidi thamani ya jagi. Muuzaji anajua hesabu hiyo, mwagizaji anaijua, na kiwanda kinaijua.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi amekinunulia. Ubao wa kaunta haukuandikwa na Bunge. Sheria ya Ushindani ya 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya 1975, na tangu 2012 bidhaa nyingi zinazoagizwa hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Ni kazi yenye faida. Lakini angalia kinachokaguliwa. Viwango vya vyombo vya umeme vya nyumbani vinajengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60335, na hicho ni kiwango cha usalama: kisipige shoti, kisiwake moto, kisimwunguze mtu. Feni yenye fyuzi iliyofichwa ndani ya koili hufaulu mtihani huo vizuri, kwa kuwa hata inapokufa inakufa kwa usalama. Swali la itaishi miaka mingapi halimo kwenye karatasi ya mtihani. Mnunuzi akiona alama ya ubora hudhani imejibu maswali yote mawili.

Wenzetu wameanza kuliuliza swali la pili. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa friji kuweka spea muhimu kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na wa mashine za kufulia miaka 10. Nchini Ufaransa, Januari mwaka huohuo, baadhi ya vyombo kama simu, TV na mashine za kufulia vilianza kubandikwa dukani alama kati ya 0 na 10 inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza: vinafunguka kwa skrubu au kwa gundi, spea zipo au hazipo, zinauzwa bei gani. Mtu atasema Ulaya ni soko kubwa, linaweza kukiamuru kiwanda cha Guangdong, China, sisi ni nani. Ila sisi hatuhitaji kukiamuru kiwanda. Tunaye mwagizaji, ana namba ya mlipakodi (TIN), ana leseni, kontena lake linapita bandarini. Sheria ikisema kwamba kila chombo cha umeme kiuzwacho nchini kina dhamana ya chini, tuseme miaka miwili, na kwamba mnunuzi anaidai kwenye duka lilelile alikonunua, wilayani mwake, kisha duka ndilo limfuate mwagizaji, basi mwagizaji mwenyewe ndiye atakayeenda kukiambia kiwanda kitumie shaba. Wengine watakwepa kwa njia za panya, hasa sisi tulio karibu na mpaka wa Kenya wa Sirari. Watakuwepo. Lakini cha njia ya panya hakitakuwa na dhamana, na mnunuzi atakuwa amejua tofauti ambayo leo haijui.

Serikali ina sababu yake yenyewe ya kuharakisha. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kutegemea kuni na mkaa ifikapo 2034. Majiko na masufuria ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Mama wa Butiama akinunua sufuria la umeme la presha likafa baada ya miezi minane, hatanunua la pili. Atarudi kwenye mkaa na kuwaambia majirani zake watano. Semina hazitawarudisha. Na yale yaliyokufa yanakwenda wapi? Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kwetu muuza chuma chakavu huchoma nyaya apate shaba, akiikuta, na plastiki hubaki kwenye makorongo yanayoshuka ziwani.

Mafundi wasisahauliwe katika mpango wowote. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Musoma, na fundi mwenye cheti, aliyeidhinishwa na mwagizaji kutengeneza kwa spea halali, angeondoa safari ya Mwanza kwa siku moja. Leo fundi huyohuyo anang'oa kapasita kwenye maiti ya TV moja kuiokoa nyingine, na tunamwita mbabaishaji.

Wakati sheria haijabadilika, mnunuzi hana mikono mitupu. Mamlaka ya Mapato, TRA, wametuimbisha miaka mingi kwamba ukinunua dai risiti, na sisi tumeichukulia kuwa ni habari ya kodi peke yake. Dai risiti ya mashine ya EFD iliyoandikwa jina na modeli ya chombo, kadi ya garantii igongwe muhuri wa duka mbele yako, na muulize mwenye duka spea na fundi vinapatikana wapi kabla ya kutoa fedha. Akibabaika, duka la pili liko hatua chache. Kikifa ndani ya muda, kirudishe dukani hata kama ubao unasema hakirudishwi. Kikikataliwa, andika barua kwa FCC. Kama ni cha hatari, andika kwa TBS, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Kama ni umeme uliounguza mtaa, orodhesheni vitu nyumba kwa nyumba mpeleke TANESCO, na mkipuuzwa nendeni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati. Barua ni karatasi moja na kivuli cha risiti. Mwandikieni na mbunge wenu, mkimtaka alisimamie suala la dhamana ya miaka miwili bungeni.